Ukanda Uliolala Kinyume

Niliuona kabla sijamaliza tendo la kwanza la rozari.

Nilikuwa nimepiga magoti dirishani pangu, ghorofani, kama nifanyavyo kila asubuhi tangu Mungu amchukue mume wangu Baltazar. Jua la Arizona lilikuwa ndiyo kwanza linapanda juu ya ukuta wa jirani. Chini yangu, uani kwa mwanangu Efraín, uwanja mpya wa nyasi bandia ulikuwa umetandikwa ukuta hadi ukuta, kijani kama mahindi machanga, goli dogo huku na goli dogo kule, mistari yake myeupe imenyooka kama nadhiri ya mtawa. Nilitaka kumshukuru Mungu kwa kazi nzuri namna ile. Ndipo jua likafika katikati ya uwanja, na ukanda mmoja ukajitenga na wenzake. Haukuwa umechanika wala kuwa na doa. Uling'aa tu kwa weupe, kama mahameli iliyopapaswa kinyume.

Shanga zikanikwama vidoleni.

"Mama wa Mungu," nikanong'ona, "amekosea!"

Mtu mwingine asingejua. Mimi shule niliishia ya msingi, kule kwetu Sonora, lakini habari za nyasi hizi nilifundishwa na fundi mwenyewe, Refugio Anaya, siku alipoleta majora yake na kuyapanga chini ya kivuli cha ukuta.

"Nyasi hizi ni kama nywele za mtoto, Bi Eulalia," aliniambia, akaushika mkono wangu kwa adabu, kwa ncha za vidole tu, akaupitisha juu ya jora. "Unaona? Zina upande wa kulalia. Kila ukanda lazima ulale kuelekea nyumbani. Ukilaza mmoja huku na mwingine kule, jua likitoka uwanja unakuwa rangi mbili, na hata mtoto atasema fundi alikuwa amelewa."

"Na wewe umewahi kukosea?"

"Hizi mvi zote zimenikuta kwenye kazi hii. Bado sijawahi."

Alisema bila majivuno, kama mtu anavyosema hajawahi kuvunjika mguu. Kisha akauachia mkono wangu, na mimi nikapanda ngazi nikiubeba ule mkono kama kitu cha kuazima.

*

Niseme ukweli, maana nasema mbele za Mungu: sikuwa natafuta mwanamume. Nilikuwa na nguo zangu nyeusi kabatini, misa yangu ya asubuhi, wajukuu wangu pacha, na chumba kizuri alichonipa mwanangu. Kwa mjane, hayo ni mengi.

Uwanja wenyewe ulikuja kwa ajili ya hao pacha. Walikuwa wanapiga mpira kwenye kokoto za uani, na vioo vya jirani vikavunjika, kimoja, halafu kingine, mpaka Efraín akasema basi, nitawajengea uwanja wenye wavu. Lakini mtaa wetu wa Chandler una Umoja wa wenye nyumba, na Umoja una sheria. Rangi ya mlango ina sheria. Pipa la taka lina sheria. Fundi hupita geti la pembeni, mashine haiwashwi kabla ya saa moja, na Jumapili hakuna kugonga hata msumari. Juu ya sheria hizo zote amekaa Bi Thorsen, mwanamke mrefu mwenye kofia ya ukindu na kijibwa cheupe, msimamizi wa kamati ya mwonekano wa mtaa. Alikataa kijani cha kwanza, akasema kinafanana na meza ya kamari. Akakataa cha pili, akasema kinafanana na supu. Kila mara Refugio alivua kofia yake na kusema, "Nitaleta kingine, mama," na kweli alileta. Nilimwangalia toka jikoni nikajiambia, mwanamume anayeweza kumvumilia Bi Thorsen bila kusaga meno, huyo Mungu alimfinyanga kwa mikono miwili.

Lakini si hilo lililoniangusha. Kilichoniangusha ni mlimau.

Baltazar aliupanda pembeni mwa ua mwaka tuliohamia hapa. Kwenye ramani ya uwanja mlimau ule ulikuwa umepigwa msalaba: ukatwe. Efraín mwenyewe alikubali, sijui kama alitazama au alitia sahihi tu huku simu iko sikioni. Siku ya kuchimba, Refugio alisimama na shoka lake mbele ya mti, akaniona mlangoni, akashusha shoka.

"Huu nani aliupanda?"

"Marehemu."

 Aliuzunguka mti, akaugusa shina, akatazama kule mstari wa uwanja unakotakiwa kupita. Mwishowe akasema, "Basi uwanja utampisha."

Na uwanja ukampisha. Leo hii ukiutazama utaona ukingo umenyooka, umenyooka, halafu ukifika pale unajikunja kwa heshima kama mtu anayempisha mzee njiani.

Tangu siku hiyo kahawa niliipeleka mimi mwenyewe, nikaitia mdalasini. Tuliongea. Alikuwa mjane kama mimi, mkewe alikwenda zamani, na hakupenda kumsimulia ila alipokuwa anafagia. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutazama chini kwenye kazi, kwa hiyo alipoyainua kunitazama ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Nilikuwa nayangojea macho hayo. Mungu anisamehe, wakati mwingine niliyangojea katikati ya Baba Yetu.

Mkamwana wangu Yesenia ndiye aliyenigundua wa kwanza.

"Mama, hii kahawa ya nne leo. Huyo mtu hatalala mpaka Krismasi."

"Kuna joto, mwanangu."

"Ndiyo, na kwenye joto watu huletewa maji." Akanibusu shavuni, akacheka. "Usijali. Mimi sijaona kitu. Ila huyo mwanao akiona, jiandae."

*

Ijumaa, siku ya kutandika majora, nilifungua kabati nikazitazama nyeusi zangu. Sijui ni roho gani iliyonisukuma. Nyuma ya zote kulikuwa na gauni langu la buluu, lile alilolipenda Baltazar. Nikalivaa. Nikashuka na kahawa.

Refugio alikuwa ameinama na vijana wake wawili wanakunjua jora. Akainua kichwa. Mikono yake ilisimama, na jora likaendelea kujikunjua peke yake mpaka mwisho.

Baadaye alipokuja kurudisha kikombe aliongea kwa sauti ya chini.

"Jumatatu naondoka. Nimepata kazi ya viwanja vya shule, Las Cruces, mpaka joto liishe. Nikirudi, nina ruhusa ya kubisha hodi?"

Moyo wangu ulikuwa unapiga kama ile mashine yao ya kushindilia kokoto. Lakini nililelewa na mama, na mama alilelewa na mama yake.

"Refugio," nikamwambia, "mimi ni mwanamke wa kanisa, na naishi nyumbani kwa mwanangu. Sitampokea mwanamume geti la pembeni kama msichana anayejificha. Ukija, uje mlango wa mbele, na afungue Efraín. Bila hivyo, usije."

"Mlango wa mbele," akarudia, kama anapima.

Jioni ile ile alimfuata Efraín uani. Nilikuwa juu, dirisha li wazi, sikutaka kusikia na nilisikia kila neno. Mwanangu alisema kwa upole, na upole wa Efraín ni mbaya kuliko makelele. "Fundi, kazi yako nimeipenda. Kesho ni ukaguzi. Ukaguzi ukiisha, kazi imeisha, na geti linafungwa. Tumeelewana?"

Refugio alivaa kofia yake. "Nimekuelewa."

Kisha Efraín akapanda kwangu. Mwanangu ni daktari wa meno; hata akikasirika huosha mikono kwanza.

"Mama, fundi wa nyasi za plastiki?"

"Baba yako alikata nyasi za kweli maisha yake yote. Huyu anatandika zisizokatwa. Wewe umesomeshwa na nyasi, mwanangu. Usizitukane."

"Sio nyasi, mama." Sauti yake ikapasuka kidogo, na nikamwona akiwa mdogo tena, mwenye magoti ya vumbi. "Baba bado hajatoka kwenye nyumba hii. Mimi bado namsikia akikohoa barazani. Halafu aje mtu mwingine akae kwenye kiti chake?"

 Alinibusu kwenye paji la uso, akaenda. Hakuona kwamba nimevaa buluu.

*

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, nilipouona ule ukanda, nilijua mambo mawili kwa pamoja. Nilijua kwamba mtu ambaye hajawahi kukosea amekosea. Na nilijua ni saa ngapi alikosea.

Nikavaa tena lile gauni. Nikashuka bila hata kahawa.

Alikuwa amesimama na fagio gumu, anaingiza mchanga katikati ya nyasi, vijana wake nyuma wanatikisika kwa kicheko walichokibana.

"Umeamkaje, Bi Eulalia?"

"Salama. Ukanda wa nne, Refugio."

Akafunga macho kidogo. "Nimeugundua kwa fagio, lilipokwama juu yake. Nimesimama pale kama mtu aliyevaa viatu kushoto kulia, kulia kushoto, akaenda navyo mpaka kanisani."

"Na hawa?"

"Hawa wananiita bwana harusi tangu asubuhi."

"Sisi hatujasema kitu!" mmoja akapaza sauti. "Tumesema tu moyo wa mzee umegeuka, na nyasi zikageuka nao!"

"Fagia wewe!" Akanigeukia, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Jana jora lile lilijikunjua peke yake. Nilipokuja kulivuta mahali pake, kichwa changu hakikuwa uani hapa."

"Kilikuwa wapi?"

"Unaniuliza wewe, na wewe ndiye uliyevaa buluu?"

Nikatazama chini. Mchanga ulikuwa unateleza kati ya nyasi kama sukari.

"Unaweza kuurekebisha?"

"Gundi imeshika. Kuung'oa, kusafisha chini, kuulaza upya, ni kazi ya siku nzima. Na kamati inakuja leo."

"Basi nyamaza," nikasema. Nilisema hivyo mimi, mwanamke wa rozari, na nikashangaa nimesema. "Kutoka hapa chini hauonekani. Wakague, wapitishe, uende zako Las Cruces na jina lako zuri."

Akaniinulia yale macho.

"Hapa chini hauonekani," akasema. "Lakini wewe unasali dirishani. Utauona kila asubuhi."

*

Bi Thorsen alikuja na kijibwa chake na futi yake ya kupimia. Efraín alimfuata kifua mbele, Yesenia akiwa na jagi la maji ya limau. Mimi nilikaa kwenye kiti cha barazani, mikono mapajani, nasali kimoyomoyo bila kujua naomba nini. Kwamba waone? Kwamba wasione? Jioni geti lingefungwa kwa vyovyote vile, na mimi ningebaki na dirisha langu.

Bi Thorsen alipima kimo cha wavu. Akapima umbali kutoka ukutani. Akainama, akapapasa nyasi, akamwachia na mbwa apite juu yake. Mbwa akalala. Kwa Bi Thorsen, nadhani, hilo lilikuwa neno la mwisho.

"Bwana Anaya," akasema, "nimekagua viwanja vingi mtaa huu. Vingi nilivikagua kwa huzuni. Huu ni mzuri. Ni mzuri sana. Kamati inapitisha."

Efraín akapiga makofi mara moja. "Basi! Fundi, asante. Tumemaliza."

Na Refugio angeweza kuchukua kofia yake. Mungu ni shahidi, hakuna mtu aliyemuuliza kitu. Fagio lake lilikuwa limeshaegemezwa ukutani.

"Bado, mama," akasema. "Kuna kosa."

Uso wa Efraín ukaanguka. "Kosa gani?"

"Ukanda wa nne nimeulaza kinyume. Hapa hauonekani. Unaonekana juu, dirishani kwa Bi Eulalia."

Bi Thorsen hakupoteza muda. Kwake yeye kosa lisiloonekana ni kama harufu isiyojulikana inakotoka. Akaingia ndani, akapanda ngazi, kijibwa nyuma yake, Efraín nyuma ya kijibwa, Yesenia na mimi tukafuata. Refugio alibaki uani. Hakuwa amealikwa ndani ya nyumba ile hata siku moja, na hakuingia.

Tukasongamana dirishani kwangu, kati ya kitanda na sanamu ya Bikira. Ukanda ulikuwa pale, unang'aa.

"Ahaa," akasema Bi Thorsen. Aliinamisha kichwa huku na huku. "Majirani hawauoni. Barabarani hauonekani. Ni chumba hiki tu. Kamati haina neno."

"Mimi nina neno!" Efraín akafungua dirisha kwa nguvu. "Huyo fundi auondoe! Auondoe wote!"

"Umwambie yeye, mume wangu, si sisi," Yesenia akasema kwa upole. "Yuko pale chini. Ila kabla hujamwambia, fikiri kidogo. Kung'oa ni siku nzima. Maana yake anarudi."

 Niliona hesabu zikipita usoni mwa Efraín.

"Basi auache," akasema.

Ndipo nikafungua mdomo. Sikuwa nimepanga. Wakati mwingine Roho Mtakatifu husukuma, na wakati mwingine ni moyo wa mtu mzima uliochoka kukaa kimya. Mimi sikujua kutofautisha siku ile.

"Akiuacha, mwanangu, nitautazama kila asubuhi nikisali. Na kila asubuhi nitajua kwa nini ulilala hivyo. Chagua wewe. Ukiung'oa, anarudi. Ukiuacha, hataondoka."

Yesenia akajifanya anamkuna mbwa.

"Kwa nini ulilala hivyo?" Efraín akauliza polepole, kisha akatoa kichwa nje ya dirisha. "Fundi! Mtu anayejua kazi kama wewe! Ulikuwa unafikiria nini?"

Refugio alikuwa amesimama katikati ya uwanja, juu ya ule ukanda wenyewe. Akavua kofia. Upande wa pili wa ukuta, jirani aliyekuwa anachoma nyama akashusha koleo lake. 

"Nilikuwa namfikiria mama yako," akasema.

Hakupaza sauti.  Alisimama tu na jua kwenye mvi zake, uso ameuinua, na mimi nilimtazama nikiwa na miaka yangu yote na sikuwa na mwaka hata mmoja.

"Sasa hii—" Efraín alianza.

"Kijana," Bi Thorsen akamkata. Hakuna mtu aliyemwita Efraín kijana tangu baba yake afe. "Huo mlimau. Unajua kwa nini ungali umesimama?"

"Kamati ndiyo iliyotaka ukingo ujikunje. Mimi nilikubali mti ukatwe."

"Kamati hupenda mistari iliyonyooka. Kamati, yaani mimi, ilimkatalia. Akaja nyumbani kwangu. Nikamkatalia tena. Akaja mara ya tatu, nikamuuliza, Bwana Anaya, huu mti ni wako? Akasema, hapana, ni wa marehemu baba wa mwenye nyumba, na huyo mwanawe ana kazi nyingi, siku moja ataukumbuka na atautafuta." Akajikohoza. "Nikapitisha. Mimi pia nimezika mume."

 Efraín alikuwa anautazama mlimau. Nilimwona akiufuata ule ukingo kwa macho, umenyooka, umenyooka, halafu ukafika pale ukajikunja. Mkono wake ulishika kizingiti cha dirisha, na vidole vilikuwa vya Baltazar kabisa.

"Mimi nilitia sahihi ukatwe," akasema. "Mti wa baba. Sikuangalia hata."

"Ulikuwa na kazi nyingi," nikamwambia.

"Hakuniambia."

"Hakutaka uaibike."

Bi Thorsen alikuwa amekwisha kugeuka mlangoni na mbwa wake mkononi. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Na hiyo buluu, Bi Bustamante, inakupendeza. Nilidhani huna nguo nyingine zaidi ya nyeusi."

Hapo ndipo Efraín aliponigeukia, akaliona gauni. Macho yake yakajaa.

"Hii ndiyo ile baba aliyoipenda," akasema. "Tangu lini, mama?"

"Tangu jana."

"Na jana nilikuja hapa, nikakubusu..."

"Ukanibusu."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu kama mgonjwa wake mmoja anayengoja ganzi ishike. Yesenia akaweka mkono kwenye bega lake. Chini, nilisikia fagio likianza tena taratibu. Refugio hajui kukaa bure. Efraín akainuka, akaenda dirishani.

"Bwana Refugio!"

Fagio likasimama. Kwa wiki zote zile alikuwa hajamwita jina lake, ni fundi, fundi.

"Huo ukanda lazima uondoke. Siwezi kuwa na uwanja wa rangi mbili."

"Nitaung'oa. Las Cruces watanisubiri siku moja."

"Kesho uje."

"Kesho ni Jumapili!" Bi Thorsen akapaza sauti kutoka ngazini, haraka kama mtu aliyechomwa sindano. "Sheria ya mtaa! Jumapili hakuna mafundi!"

Efraín alinitazama. Kisha akatazama chini, kwa yule mwanamume aliyesimama na kofia mkononi, na niliona jinsi ilivyomgharimu, na nilimpenda mwanangu wakati ule kuliko siku niliyomzaa.

"Jumatatu uje na vifaa, upite getini," akasema. "Kesho uje bila vifaa."

*

Misa ya Jumapili niliisikia nusu. Padri aliongea, mimi nilikuwa nasikiliza maharage yangu yakiiva nyumbani. Yesenia alikuwa ameamka mapema akakanda tortilla, chapati za kwetu, akaniambia nisiguse unga nisije nikachafua buluu.

Tulikuwa tumeshatenga meza. Efraín alihamisha viti mara mbili. Kiti cha Baltazar alikivuta, akakirudisha, akakivuta tena, mwishowe akakikalia yeye mwenyewe, na kile alichokuwa anakalia yeye akakisogeza karibu na changu.  Nilipanga vijiko.

Wiki zote zile nilizoea mlio wa geti la pembeni, chuma kikikwaruza jiwe, na kila ulipolia moyo wangu ulisimama. Siku ile masikio yangu yalikuwa kule kule, upande wa geti, yanangoja.

Ikalia kengele ya mlango wa mbele.

Nikainuka, kisha nikakaa, maana haikuwa zamu yangu kufungua. Efraín alikunja leso yake. Alinawa mikono. Akapita sebuleni polepole, akavuta komeo.

Refugio alikuwa mlangoni, amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi, mfuko wa mikate mitamu mkononi. Alikuwa anajifuta viatu kwenye zulia la mlango, viatu ambavyo havikuwa na vumbi hata chembe, anajifuta na kujifuta, kama mtu asiyeamini anapita wapi. Hakunitazama kwanza. Alimtazama mwanangu.

"Karibu ndani," Efraín akasema, akasimama pembeni kumpisha. "Mama anakungoja."